Nimelipia Chumba, Mzimu Umo? Maswali Yenu Kuhusu Hoteli Zinazotisha

Tangu nitaje kwamba niliwahi kulala katika hoteli kongwe inayosifika kwa mizimu, na kwamba usiku ule nililala na viatu miguuni, maswali hayajakatika. Nimechagua machache. Waliouliza viatu vilikuwa vya aina gani nimewaona, asanteni.

Hadithi zinazosimuliwa kwenye hoteli hizi zina ukweli wowote, au zimetungwa ili vyumba vijae?

Zipo za kweli na zipo za kutungwa, na mara nyingi zinalala jengo moja. Mimi huuliza kwanza: hadithi hii ina mtu mwenye jina, ina tarehe, ina karatasi yoyote nje ya kuta za hoteli?

Chukua Crescent, hoteli iliyofunguliwa mwaka 1886 huko Eureka Springs, jimbo la Arkansas, Marekani. Mwaka 1937 ilichukuliwa na Norman Baker, mtangazaji wa redio asiyekuwa daktari, akaigeuza hospitali na kutangaza kwamba anaponya saratani. Watu waliokwisha kukata tamaa wakaja na pesa zao. Dawa yake haikuwa dawa. Mwaka 1940 alitiwa hatiani kwa kutumia posta kulaghai watu, akafungwa. Mwaka 2019 zilifukuliwa chupa nyingi za enzi zake kwenye uwanja wa hoteli. Hapo mimi sihitaji mzimu ili nywele zisimame.

Sasa linganisha na Myrtles, nyumba ya shamba ya mwaka 1796 huko St. Francisville, Louisiana, ambayo siku hizi inalaza wageni. Wageni husimuliwa habari za Chloe, mtumwa aliyekatwa sikio na bwana wake, naye akalipiza kwa kutia sumu kwenye keki na kuwaua mama mwenye nyumba na watoto wawili. Waliopekua kumbukumbu za familia hiyo hawakumkuta Chloe yeyote, na vifo vya mama na watoto vinaelezwa kuwa vya homa ya manjano. Husemwa pia kwamba waliuawa watu kumi pale. Anayethibitika ni mmoja, William Winter, aliyepigwa risasi mwaka 1871. Kinachoniudhi si uongo wenyewe. Ni kwamba nyumba ile ilikuwa na watumwa wa kweli, wengi, wenye majina yao, na badala yao wageni wanauziwa mmoja wa kubuni.

Nililala hoteli ya namna hiyo. Usiku wa manane nikafumbua macho, siwezi kusogeza hata kidole, na mtu amesimama pembeni ya kitanda ananikandamiza kifua. Usiniambie nilikuwa naota.

Sikwambii ulikuwa unaota, dada, kwa sababu hukuwa usingizini kabisa. Ulikabwa na jinamizi. Wazee walikwisha kulipa jina kabla ya maabara kulichunguza, na maelezo yao ya uzito kifuani na mtu gizani ni yaleyale yako.

Wakati wa usingizi wa ndoto ubongo hulegeza misuli ya mwili, tusije tukaruka kitandani tukifuata tunachokiota. Mara nyingine akili huamka kabla ya misuli kufunguliwa. Macho yanaona chumba halisi, lakini ndoto haijazimwa, na hofu inaijaza sehemu iliyobaki. Kwa kawaida hudumu sekunde kadhaa, pengine dakika moja au mbili, ingawa aliyelala pale ataapa ni saa nzima. Karibu watu 8 katika kila 100 hukutana nalo angalau mara moja maishani. Huja zaidi kwa aliyekosa usingizi, aliyevuruga ratiba yake, na anayelala chali.

Sasa hesabu mwenyewe: umesafiri siku nzima, umechoka, umekaa hadi saa saba usiku ukisikiliza hadithi za chumba chako, kisha ukalala chali kwa sababu hutaki kuupa mlango mgongo. Umeliandalia jinamizi mkeka.

Kuna na jambo jingine. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni, nusu moja ya ubongo hailali kwa kina kama mwenzake. Inabaki macho kidogo, inasikiliza, na sauti ngeni huiamsha upesi. Ndiyo maana hata katika hoteli mpya isiyo na historia yoyote, usiku wa kwanza unasikia kila kitasa. Ukilala usiku wa pili palepale, jengo linatulia. Wengi hulala mmoja tu, wanaondoka na ule mbaya.

Likikurudia: usipigane na mwili mzima. Vuta pumzi polepole na ujaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu, au upepese macho. Likiwa linakujia kila mara hata nyumbani, muone daktari.

Niombe chumba kile maarufu, au chumba chochote kinatosha?

Namba ya chumba ni biashara yenye vituko vyake. Hoteli ya Stanley, huko Estes Park, Colorado, ilifunguliwa mwaka 1909 na Freelan Oscar Stanley, yule aliyetengeneza magari ya mvuke pamoja na pacha wake. Mwaka 1974 Stephen King, mwandishi wa riwaya za kutisha, alilala chumba 217 na mkewe, hoteli ikiwa karibu kufungwa kwa majira ya baridi na wageni wengine wameshaondoka. Riwaya iliyozaliwa usiku ule, The Shining, ambamo chumba cha kuogopwa ni 217, ilitoka mwaka 1977, na chumba hicho hakijapumzika tangu hapo. Ilipotengenezwa filamu, mandhari ya nje ilipigwa kwenye hoteli nyingine, Timberline, jimbo la Oregon. Wenye Timberline wakaomba namba ibadilishwe iwe 237, namba ambayo kwao haikuwepo, wakihofu kwamba hakuna mgeni atakayekubali kulala 217 tena. Kilichotokea ni kinyume. Leo 217 ndicho chumba kinachoombwa kuliko vyote hapo Timberline, na hakuna lolote lililowahi kutokea humo kwenye hadithi!

Kwa hiyo ushauri wangu: chumba maarufu huombwa miezi mingi kabla, na watalii wanaotembezwa usiku watakuja kunong'ona mlangoni pako. Omba cha ghorofa ileile, korido ileile, ulale.

Rafiki yangu ana kifaa chenye taa kinachowaka mzimu ukipita. Kinafanya kazi?

Kinafanya kazi vizuri sana, ila si hiyo. Ni kipimo cha uga wa sumakuumeme, na mafundi hukitumia kutafuta nyaya na mitambo inayovuja. Hoteli ya karne ya 19 iliyotiwa umeme baadaye, ikatiwa lifti, ikatiwa intaneti, ina nyaya zinazopita kusikotarajiwa. Simu ya rafiki yako nayo inatosha kukiwasha. Mwambie azime simu zote, akae karibu na lifti, ahesabu: taa inawaka mara ngapi na lifti inapita mara ngapi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Vic Tandy, mhandisi wa Coventry, Uingereza. Maabara yake ilisifika kuwa na mzimu, naye mwenyewe siku moja akaona umbo la kijivu pembeni ya jicho, jasho baridi likimtoka. Kesho yake akaona upanga wake wa mchezo, uliobanwa kwenye jiliwa, unatetemeka wenyewe. Badala ya kukimbia akapima. Feni mpya ilikuwa ikitoa mtetemo wa karibu hezi 19, yaani mitikisiko 19 kwa sekunde, chini kidogo ya kile sikio linachoweza kusikia. Ilipotengenezwa, mzimu ukahama. Aliandika hayo mwaka 1998. Si jibu la kila chumba, lakini napenda mtu anayeogopa huku ameshika rula.

Na zile duara za mwanga kwenye picha?

Vumbi. Likiwa karibu na lenzi, mwanga wa kamera hulipiga na likatokea kama mpira. Zulia kuukuu lina vumbi la kutosha albamu nzima.

Mama amenikataza. Anasema kwenda kulala kwenye hoteli ya namna hiyo ni kuyaita mambo usiyoyaweza. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa hezi 19. Mama hakuuliza habari za feni. Mwulize anachohofia hasa. Pengine si mzimu, ni wewe kufanya mzaha mahali mtu alipofia, na hapo tuko upande mmoja.

Mwezi Novemba 1892 mwanamke mmoja kijana alifika peke yake Hotel del Coronado, California, akajiandikisha kwa jina lisilo lake. Siku tano baadaye alikutwa amekufa kwenye ngazi za kuelekea ufukweni, ana jeraha la risasi. Alikuja kutambuliwa kuwa Kate Morgan. Chumba alichofikia bado kinaombwa na wageni. Kulala humo hakuna ubaya. Kukaa humo ukimwita kwa kelele ajitokeze mbele ya kamera, hilo hata mimi nisiyeamini nalikataa. Ukiwa mtu wa sala, sali kabla ya kulala. Nimeona waumini wakilala fofofo huku sisi wajuaji tumekodoa macho.

Hoteli inapaswa kuniambia kabla sijalipa?

Hoteli yenye mzimu itakuambia kabla hujauliza. Kwenye nyumba za kuuza mambo yamewahi kufika mahakamani: mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya New York ilimruhusu mnunuzi kuvunja mkataba, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa ameitangazia dunia kwamba ina mizimu asimwambie yeye. Majaji walisema kisheria nyumba ile ina mizimu. Maana yake: ukishajitangaza, huwezi kukana.

Ningetaka uulize jambo jingine: chumba kina king'ora cha gesi ya kaboni monoksaidi? Majengo ya zamani yana tanuri na mabomba ya moshi ya zamani. Gesi hiyo haina harufu. Huleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na mwaka 1921 jarida la madaktari wa macho la Marekani lilichapisha kisa cha familia iliyosikia nyayo na kuona watu nyumbani mwao kwa sababu ya tanuri bovu. King'ora kidogo cha kubeba kinaingia mfukoni. Mimi hubeba.

Wewe usiku ule ulisikia nini?

Mlio wa kugonga. Mara tatu, kimya, mara tatu tena, kutoka ukutani, saa tisa usiku. Ndipo nikavaa viatu. Asubuhi nikamweleza mhudumu wa mapokezi, naye hata hakuinua macho: ni bomba la mvuke la kupasha chumba joto, mvuke mpya ukikutana na maji yaliyotuama ndani, bomba hugonga. Nikamwuliza kwa nini hawalitengenezi.

"Tulilitengeneza mwaka juzi," akasema. "Wageni wakalalamika."