M kubwa kwenye sarafu ya shaba ya Bizanti si herufi ya jina

Mkuu, umeuliza kama hiyo M kubwa ni ya Kaisari Maurice, mtawala wa Bizanti (Dola ya Roma ya Mashariki). Hapana, M ni namba: kwa hesabu ya Kigiriki ni 40, yaani sarafu ina thamani ya numi 40 (numi ni kipimo kidogo cha fedha cha wakati huo). Sarafu hiyo tunaiita foli. Kaisari Anastasius I ndiye aliyeianzisha mwaka 498, pamoja na K ya 20 na I ya 10. Mwaka 512 akaongeza uzito maradufu, ndipo E ya 5 ikaingia.

Yako umesema ina gramu 22, upana milimita 40, uso unatazama mbele, na kushoto kwa M pameandikwa ANNO. Hiyo ni ya Kaisari Justinian I, na haiwezi kuwa ya kabla ya 538, kwa sababu mwaka wa 12 wa utawala wake ndipo alipoacha sura ya ubavuni na kuanza kuandika mwaka wa utawala. Foli za Maurice ni nyepesi, nyingi gramu 11 au 12.

Mwaka uko kulia kwa M, namba zimepangwa kwenda chini. Jumlisha na 526: XIII ni 539, hadi Aprili 540. Hapa wengi hukosea, maana 6 huchorwa kama G au S ndogo, na mkwaruzo mmoja tu hugeuza XII kuwa XIII. Ishike taa kwa ubavu, uizungushe sarafu polepole. Mchoro wa kweli umeinuka, kivuli chake huangukia upande ulio mbali na taa; mkwaruzo umezama, kivuli chake hukaa ndani yake.

Chini kabisa ni mji ilikopigwa sarafu: CON ni Constantinople, NIK au NIKO ni Nicomedia, KYZ ni Cyzicus, THEUP ni Antiokia, iliyopewa jina jipya baada ya tetemeko la 528. Herufi ndogo iliyo katikati ya miguu ya M ni karakana iliyoipiga. Ukikuta E hapo, ni karakana ya tano. Usidhani ni numi 5.

Tafadhali sana, usiitie siki wala ndimu. Asidi hula ule utando mgumu wa kijani ulioyahifadhi maandishi. Loweka kwenye maji yasiyo na madini, ubadilishe kila siku, usugue kwa kijiti cha mti. Ukiona unga wa kijani mpauko unaodondoka ukiuchokoa, hiyo ni kloridi inayoila shaba ikipata unyevu: itenge na nyingine, ikaushe kabisa, uiweke penye ukavu.

Tupia picha ya upande wa M, mwanga ukitoka ubavuni.