Maswali na majibu: Mto ukijaa usiku, tutoke au tubaki ndani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Mabatini hapa Mwanza, nyumba ya kupanga, hatua chache kutoka Mto Mirongo. Nyuma yetu ni mlima, na kuna jiwe kubwa limekaa juu ya choo chetu. Nina watoto watatu, na mama mkwe anayesumbuliwa na goti, hatembei bila fimbo. Mvua ikianza usiku hatulali. Mume wangu anataka tubaki tulinde vitu, kwa sababu waliokimbia msimu uliopita walirudi wakakuta jiko la gesi na magodoro hayapo, tena anaogopa kutembea gizani. Mimi nasema twende kwa shemeji, ng'ambo ya mto. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, ina plasta nzuri na bati. Nitajuaje muda wa kutoka? Na je, kuna wakati ni bora kubaki?

JIBU: Kwanza mfikishie mama mkwe shikamoo yangu, maana ratiba yote ya nyumba hiyo inafuata goti lake. Familia hutoka kwa mwendo wa yule anayetembea polepole kuliko wengine, na nitairudia hesabu hiyo hapa chini.

Ninyi wawili mnabishana kuhusu vitu na shemeji. Mimi ningeanza na mambo mawili: njia ya kutokea itabaki wazi kwa muda gani, na nyumba itasimama kwa muda gani maji yakishaizunguka. Njia ikiwa bado iko wazi, tokeni, hata kama mtaonekana waoga na mvua ikaishia kunyunyiza. Njia ikishafungwa, anayetoka ndiye anayekufa, hata kama maji yameshafika sebuleni.

Sababu yake ni nguvu ya maji yanayokimbia. Maji ya sentimita 15, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yakiwa na kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuinua gari dogo, na 60 hubeba magari mengi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo inaongezeka mara nne. Na hapo sijataja mitaro isiyo na mifuniko ambayo usiku, maji yakishasambaa, huwezi kuitofautisha na barabara. Kwa hiyo hofu ya mume wako kuhusu kutembea gizani ina msingi, ila ameiweka mahali pasipo pake. Hofu hiyo ni sababu ya kuwahi kutoka. Yeye anaitumia kuwa sababu ya kubaki.

Kuhusu shemeji nakukatalia. Ukishakuwa na sababu ya kumkimbia Mirongo, daraja la Mirongo si njia tena. Chupa, viroba, migomba na matawi huziba chini yake, maji yanakosa pa kupita, yanapanda juu ya barabara. Kwa shemeji mwende mchana, mvua ikiwa bado ni habari ya redioni. Kwa usiku tafuteni mahali upande wenu wa mto: jirani aliyejenga juu kidogo, shule, kanisa, msikiti, popote msipolazimika kuvuka mto wala mtaro mkubwa. Muombeni huyo mwenyeji sasa, kukiwa kukavu, na mjue ufunguo anao nani. Kumgongea mtu geti saa nane usiku bila ahadi, huku radi inapiga, ni kupoteza dakika ambazo hamna.

Sasa muda. Mirongo ni mto mfupi unaokusanya maji ya vilima vya mawe na mabati ya nyumba nyingi. Mwamba haunywi maji, bati halinywi maji, kwa hiyo mvua ya mlimani inafika kwenu upesi mno, na inaweza kufika huku kwenu kukiwa na manyunyu tu. Udongo ukiwa umeshalowa siku mbili tatu, mvua ileile ambayo wiki iliyopita haikuwafanya lolote itajaza mto.

Chukua rangi nyeupe. Kwenye ukuta wa kingo au nguzo inayoonekana kwa tochi kutoka mahali salama (sisemi mtu akasimame ukingoni), chora mistari mitatu: sentimita 20, 40 na 60 chini ya pale maji yanapoanza kumwagika kuja kwenu. Mvua ikikolea, angalia saa maji yanapogusa mstari wa chini na yanapogusa wa kati. Tuseme sentimita hizo 20 zimechukua robo saa. Zimebaki 40, yaani nusu saa, kama mwendo utabaki uleule.

Upande wa pili wa hesabu ni wenu. Kuamsha watoto na kuwavalisha, dakika tano. Kubeba begi na kufunga mlango, tano. Kumsindikiza mama mpaka kwa mwenyeji, tuseme kumi na tano. Jumla 25, na mimi huzidisha kwa mbili, kwa sababu kuna matope, kuna giza, na kalavati ikiziba ghafla mwendo wa maji haubaki uleule. Zinakuwa dakika 50. Unaona tatizo: hata mngeanza kutoka pale maji yalipogusa mstari wa chini kabisa, mlikuwa na dakika 45 tu. Mistari hiyo haimtoshi mama mkwe, na haiwatoshi watoto.

Kwa hiyo gaweni safari. Mama na watoto wanaondoka jioni, kabla ya mvua, wakalale kwa mwenyeji. Ninyi watu wazima wawili, mnaoweza kuondoka kwa dakika kumi, yaani ishirini baada ya kuzidisha, ndio mnaotumia mistari: maji yakigusa wa kati, mnatoka. Hakuna mjadala hapo, na asiwepo wa kusema "ngoja tuone kidogo". Fanyeni zoezi jioni moja kavu, mtembee na mama kwa tochi huku mkiangalia saa. Namba nilizotumia ni za mfano, za zoezi ndizo zenu.

Ni jioni ipi ya kuwaondoa? Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Wana ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Watu husoma neno "mvua kubwa" wakaishia hapo, wakati chini yake kuna mistari miwili yenye maana zaidi: kiwango cha uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Ukiona athari zimetajwa kuwa ni makazi kuzungukwa na maji, wanazungumzia nyumba kama yako. Taarifa hutaja mikoa, haitaji mtaa, kwa hiyo kazi ya kuilinganisha na mto wako ni yako. Kanuni ninayokupa ni hii: kukiwa na tahadhari kwa mkoa wa Mwanza na udongo tayari umelowa, mama na watoto hawalali Mabatini. Kukiwa na angalizo tu na udongo mkavu, laleni na mistari yenu. Wala msisubiri kuona wingu. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, hewa inakutana juu ya maji yenye joto, na ngurumo zinazaliwa huko gizani. Muulize mvuvi yeyote wa dagaa.

Nyumba sasa, na hapa sikufichi wasiwasi wangu. Tofali za kuchoma ni nzuri, lakini zimeunganishwa kwa nini? Nyumba nyingi za kupanga zimejengwa kwa tope katikati ya tofali, saruji ikaja kupakwa nje. Nenda nyuma, karibu na choo, utafute mahali plasta imebanduka. Kwaruza kiungo kwa msumari. Ukitoa punje ngumu na msumari unateleza, ni saruji. Ukichimba kirahisi na ikatoka vumbi nyekundu, ni udongo, na udongo uliokaa ndani ya maji saa kadhaa unarudi kuwa tope. Ukuta huanguka bila kutoa taarifa, mara nyingine mvua ikiwa imekwisha. Nyumba ya udongo tokeni kabla maji hayajaizunguka, na hapo hoja ya kulinda vitu imekufa. Ikiwa ni saruji na msingi umeinuka, mna nafasi zaidi, japo bado ni nyumba ya chini isiyo na ghorofa.

Na lile jiwe. Mwanza tumezoea kuishi chini ya mawe mpaka tumeyasahau. Swali ni moja: limekaa juu ya mwamba au juu ya udongo? Lililosimama juu ya mwamba mwenzake huenda limekaa hivyo enzi na enzi. Lililokalia udongo linategemea udongo huo, na mvua inauchota, mizizi iliyokatwa inauachia, na anayechimba kifusi au kuponda kokoto chini yake anamalizia kazi. Tazama kitako chake baada ya kila mvua: ufa mpya kwenye udongo wa upande wa juu, udongo uliovimba upande wa chini, vijiwe vinavyodondoka, maji ya tope yanayotoka mahali palipokuwa pakavu. Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima nafasi kati yake kwa futi kamba. Ikiongezeka, mlihame jiwe siku hiyohiyo na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa, mvua iwepo isiwepo. Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani alfajiri, watu wengi wakiwa bado nyumbani. Mlima hauna mistari mitatu ya rangi. Ndiyo maana pia sipendi mpango wa "mto ukijaa tutapanda juu" kama huko juu ni korongoni au chini ya mawe mengine.

Wakati wa kubaki upo. Mkichelewa, maji yakawa tayari yanakimbia uchochoroni, msitoke. Jirani wa mlango wa pili mwenye nyumba yenye zege juu ni bora kuliko shule iliyo mbali, mradi kati yenu hakuna maji yanayotembea. Kama hamna hata hilo, zimeni swichi kuu ya umeme mkiwa bado mnasimama pakavu, pandeni sehemu ya juu kabisa yenye pa kutokea, na msijifungie darini ambako bati litawazuia. Mkilazimika kulala ndani na wasiwasi ni jiwe, laleni chumba cha mbele, mbali na ukuta wa mlimani. Pigeni 114 kwa Zimamoto na Uokoaji mapema, mkitaja alama inayojulikana, kwa sababu "karibu na mto" haimsaidii mtu anayewatafuta gizani. Na radi ikiwa inapiga juu yenu huku mto uko chini ya mistari yote, ndani ndiko mahali penu.

Walio Kirumba au kwenye mialo wananiuliza swali lilelile kuhusu ziwa, lakini jambo lao ni tofauti. Viktoria ina eneo la kilomita za mraba takriban 68,800, hivyo kuliinua kwa sentimita moja kunahitaji maji kama mita za ujazo milioni 690. Halivamii kwa usiku mmoja. Lilipopanda mwaka 2020, na tena 2024, lilipanda kwa wiki na miezi. Mtu wa ufukweni ana muda wa kufungasha, na hatari yake ya haraka ni mawimbi ya upepo juu ya maji yaliyokwisha kupanda. Aidha sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, jambo linalokuhusu na wewe ukitafuta chumba kingine.

Vitu vya mume wako sivipuuzi, jiko la gesi ni mshahara wa mtu. Lakini vilindwe kabla. Magodoro na unga vikae juu ya meza au dari tangu jioni. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, ufungwe na kamba, maana mtungi huelea. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na dawa za mama viwe kwenye mfuko mmoja wa nailoni usiofunguliwa kila mara. Wizi mzungumze na mwenyekiti na sungusungu wa mtaa, wapange zamu pembezoni, penye ukavu. Mkoa huu na jirani zake ndiko sungusungu walikoanzia, haitakuwa kazi ngeni kwao.

Mkirudi, msiwashe umeme mpaka fundi aangalie nyaya na soketi zilizolowa. Maji ya kisima yachemsheni au yatiwe dawa hata yakionekana meupe, kwa sababu vyoo vya shimo vya mtaa mzima vimeshachanganyika nayo, na kipindupindu hakikawii. Na mtu mmoja aizunguke nyumba kwanza, kwa nje, akitazama kuta na lile jiwe, kabla mtoto yeyote hajaingia kutafuta viatu.