Kadi Haijaungua, Draiva Ndiyo Haipo

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa jiografia, Morogoro. Nina laptopu ya HP niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ina Windows 10. Video zilikuwa zinakwamakwama, kijana mmoja hapa mtaani akanishauri niondoe draiva ya grafiksi kisha niwashe upya, eti itajirudi yenyewe. Haikujirudi. Picha inaonekana sawa tu, lakini mwangaza wa kioo hauongezeki wala haupungui, neno Sleep limepotea kwenye menyu ya kuzimia, feni inavuma kutwa nzima, na projekta ya shule haipati kitu. Kijana yule yule sasa anasema kadi imeungua na anataka laki mbili abadilishe ubao mkuu wa mashine (motherboard). Nimpe?*

Marahaba, mwalimu. Usimpe.

Kadi iliyoungua kwa kawaida haisubiri Windows ifunguke ndipo iugue. Zima laptopu, iwashe, halafu angalia kwa makini zile sekunde chache ambapo nembo ya HP inatokea. Rudia tena, safari hii ukigonga F10 mfululizo mpaka ifunguke menyu ya BIOS, ile programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Hapo Windows haijaamka, na draiva uliyoifuta, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya picha, haihusiki kwa lolote. Kama nembo na maandishi ya BIOS yametulia, hayana mistari, hayana vidoti vya rangi wala hayachezi, basi mwambie kijana akuonyeshe hicho kilichoungua.

Kilichotokea ni hiki. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mfumo ukikosa draiva halisi ya kadi hutumia ya akiba iitwayo Microsoft Basic Display Adapter. Huyo ni deiwaka, dereva wa kushikia zamu: gari litatembea na abiria watafika, lakini yeye hajalizoea gari lenyewe. Anapokea picha kwa ukubwa ule ule ulioachwa na BIOS na kuendelea nayo hivyo hivyo. Kwenye mashine zinazowaka kwa UEFI, yaani BIOS ya kisasa, ukubwa huo mara nyingi ni ule ule wa kioo, ndiyo maana picha yako imekaa vizuri na hukushtuka. Wenye mashine za zamani zaidi hujikuta kwenye 1024×768, ikoni zimevimba na sura za watu zimetanuka. Lakini kote kuwili deiwaka hajui kupandisha mwangaza, hajui kutoa picha kwenye kioo cha pili, na akiwa kazini Windows huificha Sleep. Tena kazi yote ya kuchora picha inaangukia prosesa. Feni yako inavuma kwa sababu hiyo, na video zitakwama kuliko zilivyokuwa zikikwama mwanzo.

Uhakikishe mwenyewe: bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya Start, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta jina la Microsoft Basic Display Adapter, ugonjwa umeshajulikana. Haikujirudi kwa sababu, wakati wa kuiondoa, palitokea kiboksi kinachouliza kama unataka kufuta na programu ya draiva yenyewe, na nina hakika kilitiwa tiki. Bila tiki, Windows ingeitoa tena kwenye ghala lake la ndani ukishawasha upya. Ukitia tiki, ghala linasafishwa, na mashine inabaki ikitegemea intaneti.

Sasa tuirudishe. Njia ya uvivu ni kuunganisha intaneti, kuingia Settings, Update & Security, Windows Update, kubofya Check for updates, kisha kutazama View optional updates, sehemu ya Driver updates. Kama mtandao wa simu yako umeuwekea alama ya Metered ili kubana bando, na wengi tunafanya hivyo, Windows haitapakua draiva mpaka uiruhusu: Settings, Devices, kisha tia tiki Download over metered connections. Ila ujue kwamba Windows Update ikishafunguliwa mlango haiingii na draiva peke yake, na draiva yenyewe ya Intel ni mamia ya megabaiti. Fanya kazi hii shuleni au mahali penye waifai ya watu.

Njia ninayoipenda mimi ni tovuti ya HP yenyewe. Unaingiza namba ya mashine, unapewa draiva za mashine hiyo. Stika ya chini ya laptopu zilizotumika huwa imefutika, basi fungua Command Prompt na uandike wmic bios get serialnumber. Namba itajitokeza hapo hapo, maana imehifadhiwa ndani ya ubao.

Kwa nini HP na siyo Intel moja kwa moja? Kwa sababu draiva ya Intel ya jumla wakati mwingine hugoma kwenye laptopu na kuandika kwamba haijathibitishwa kwa kompyuta hiyo. Ya mtengenezaji wa laptopu haina ugomvi huo. Ukiwa hujui hata kadi yako ni ya nani, rudi Device Manager, bofya mara mbili lile jina la deiwaka, ingia Details, chagua Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na PCI\VEN_ na herufi nne. 8086 ni Intel (wamejiandikia namba ya prosesa yao ya mwaka 1978, na sioni ubaya wa mtu kujisifu namna hiyo), 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Ukikuta kadi mbili, laptopu yako ina grafiksi ya ndani na ya ziada. Anza na ya ndani.

Ukishasakinisha, washa upya, chomeka projekta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Duplicate. Mwangaza na Sleep vitakuwa vimerudi. Na zile video zilizokuwa zinakwama? Niandikie aina ya prosesa na ukubwa wa RAM. Nadhani tatizo lako la kwanza halikuwa draiva hata kidogo.

*Sasa fundi. Niko chuo hapa Nairobi. Kompyuta yangu ya mezani niliiunda mwenyewe, ina kadi ya NVIDIA na Windows 11. Nilikuwa natoa draiva ya zamani kwa DDU (programu ya kufuta draiva za kadi) ndani ya Safe Mode, ile Windows ya dharura inayowaka na vitu vya msingi tu, ili niweke mpya, stima ikapotea katikati. Sasa nembo inatokea, vidoti vinazunguka, halafu giza. Monita inaandika No Signal. Nimebonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kama nilivyoshauriwa, hakuna kitu.*

Poa. Nembo ukiiona, kwa kawaida kadi iko hai, kama nilivyomwambia mwalimu. Vile vitufe vinne huamsha draiva iliyozubaa. Yako imebaki vipande, kwa hiyo usiendelee kuvitesa.

Washa mashine, na vidoti vikianza kuzunguka shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia. Kufikia mara ya tatu Windows itaacha kujaribu na kukufungulia ukurasa wa matengenezo. Ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 uingie Safe Mode. Kama hutaki Safe Mode, 3 inafungua Windows ya kawaida kwa picha ya ukubwa mdogo, nayo inatosha kwa kazi nyingi. Hapo katikati unaweza kuombwa ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, wenye tarakimu 48. Usiogope, na usimwachie mtu afomati diski. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, ufunguo mara nyingi uko huko.

Ndani ya Safe Mode endesha DDU upya mpaka mwisho, lakini kwanza chomoa waya wa intaneti. Usipochomoa, Windows ikiwaka kawaida itakimbilia kuweka draiva yake kabla hujaweka ya kwako, na mtagombana tena. Ile ya NVIDIA iwe tayari kwenye flashi, iliyopakuliwa kwenye mashine nyingine. Hili la kupakua kwanza na kuondoa baadaye ningeliandika kwa wino mwekundu kama mhariri angeniruhusu.

Na kama giza litaendelea, usihamishe waya wa monita kwenda tundu la ubao kabla ya kusoma jina la prosesa. Intel zenye F mwishoni, mfano i5-12400F, hazina grafiksi ya ndani, kwa hiyo tundu lile halitatoa kitu hata ungelibembeleza.

*Fundi, assalaam aleikum. Nina duka la kupiga chapa na kutoa kopi hapa Likoni. Mtoto wa ndugu yangu aliondoa draiva kwenye Dell OptiPlex 9020, nikairudisha mwenyewe, na Device Manager inaonyesha Intel HD Graphics 4600 bila alama ya njano. Lakini picha bado ni 1024×768, hakuna ukubwa mwingine wa kuchagua. Nimepakua programu ya kutafuta draiva, inasema draiva 27 zimepitwa na wakati na inataka nilipe.*

Waaleikum salaam. Iondoe hiyo programu leo, kabla hujafungua duka kesho. Zinaishi kwa kuhesabu makosa ambayo hayapo.

Draiva yako iko sawa, tatizo liko kwenye waya. Tazama Device Manager sehemu ya Monitors. Nadhani umeandikiwa Generic Non-PnP Monitor, maana yake kompyuta haijui imeunganishwa na kioo gani, hivyo inachagua ukubwa wa tahadhari. Monita hujitambulisha kupitia waya. Kwenye waya wa VGA kazi hiyo hufanywa na pini ya 12 na ya 15. Chomoa kichwa cha waya, kielekeze kwenye mwanga. Kuna safu tatu za pini tano tano. Pini ya 12 na ya 15 ziko kwenye safu ya mwisho, ile nyembamba. Tafuta iliyolala, iliyovunjika au iliyozama ndani. Pini ya 9, iliyo safu ya katikati, waya nyingi hutoka kiwandani bila kuwa nayo, kwa hiyo pengo hilo peke yake lisikutie wasiwasi.

Pini iliyolala inyanyue taratibu kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, isiyo na risasi ndani. Iliyovunjika haitengenezeki. Azima waya wa meza ya jirani ujaribu kwanza, na kama monita yako ina tundu la DisplayPort, achana na VGA kabisa, kwani nyuma ya 9020 kuna matundu mawili ya DisplayPort.