Master League na kilio chetu kwa Konami: wanasikia, wanachotunyima ni jibu

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, kwa nini Konami, kampuni ya gemu ya Japani, hawairudishi Master League, ile modi ya ukocha ya PES, kwenye eFootball, gemu ya mpira iliyochukua nafasi ya PES, wakati mashabiki wanaiomba tangu 2021. Pili, kama kuna faida yoyote ya kuendelea kuomba. Wengi waliotangulia wamekujibu kwamba Wajapani hawatusomi, tunapiga kelele bure. Mimi nakataa hilo. Wanasoma vizuri sana. Gemu hizi nimekua nazo na jambo hili linaniuma kama linavyokuuma wewe, kwa hiyo niwie radhi kwa urefu.

Kwa wadogo ambao hawakuikuta: Master League ilianza kwenye ISS Pro Evolution ya 1999, gemu iliyoizaa PES. Unachukua klabu, unapewa wachezaji wa kubuni wasiojulikana na mtu yeyote. Golini Ivarov, katikati Minanda, mbele Castolo. Wazito, wanachoka mapema, pasi inamfikia adui. Unashinda mechi za kubahatisha, unakusanya pointi, unamnunua mchezaji mmoja wa maana, msimu unaofuata mwingine. Wachezaji wanazeeka mkononi mwako. Wanastaafu, halafu baada ya muda jina lilelile linarudi sokoni likiwa la kijana mdogo, na wewe ndiye unayeamua kama utamlea upya.

Kaka yangu alikuwa na banda la gemu Ngamiani, Tanga, enzi za PS2. Vijana walikuja na memori kadi mfukoni, zile nyeusi za megabaiti 8, majina yameandikwa juu yake kwa rangi ya kucha waliyoiba kwa dada zao. Ndani ya kadi ile mtu alikuwa na miaka yake kumi ya ukocha. Kuna jamaa mmoja alikataa katakata kumuuza Castolo. Alinunua mastraika wa bei mbaya, akawaweka benchi, Castolo akaendelea kuanza mpaka alipostaafu. Siku hiyo banda zima lilisimama kutazama mechi yake ya mwisho. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba Master League ni "modi ya kuchezea peke yako tu", naona hajaelewa tunacholilia.

Sasa sikiliza sheria ya kaka. Master League ilikuwa asubuhi tu. Jioni pedi mbili, watu wawili, kila mmoja analipa, anayefungwa anapisha, anayefuata anaingia. Mtu wa Master League anakalia TV saa nzima peke yake na analipia pedi moja. Hesabu ilikuwa haimlipi, na kaka alilisema wazi: "Jioni Master League hakuna, njooni asubuhi." Tulinuna. Tulimwita mchoyo. Lakini hakuna aliyekaa kwenye benchi mpaka saa mbili usiku akidhani labda leo atakubali. Tulijua tumesimama wapi.

Shida ya Konami ni ileile ya kaka, ila wao hawajatamka.

Angalia mtiririko. Septemba 2020 walitoa PES 2021 kama nyongeza ya msimu tu, kwa bei ya chini, wakisema nguvu zao ziko kwenye gemu mpya. Julai 2021 wakatangaza kwamba jina la PES linazikwa, inakuja eFootball, ya bure. Ikatoka tarehe 30 Septemba 2021 ikiwa na timu tisa za kuchezea, sura za wachezaji zimepinda, mpira unapita katikati ya miguu ya watu. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikashuka haraka mpaka ikawa miongoni mwa gemu zilizopondwa vibaya kuliko zote katika historia ya duka lile. Konami waliomba radhi hadharani siku hizohizo, wakarudisha pesa za waliolipia kifurushi mapema, wakasukuma toleo la 1.0.0 mpaka Aprili 2022. Kwa hiyo mtu asiniambie hawasikii. Walisikia, tena haraka, kwa sababu lile lilikuwa linaua biashara.

Master League nayo waliitaja wenyewe. Walisema itakuja kama nyongeza ya kulipia. Watu wakasubiri. 2023 ikaisha, 2024 ikaisha, huku kila tangazo la apdeti likija na wachezaji wapya wa kufungua, maboresho ya mwendo, ushirikiano na nyota huyu na yule. Waliongeza My League, lakini ile ni ligi unayocheza dhidi ya kompyuta kwa kutumia kikosi chako cha Dream Team, yaani kile unachokijenga kwa kufungua wachezaji. Hakuna usajili wa kweli, hakuna bajeti, hakuna kijana unayemkuza mpaka azeeke. Kwa aliyewahi kumiliki memori kadi, haikidhi hata robo ya kiu.

Sababu ninazoziona ni mbili, na nataka nizitendee haki. Ya kwanza ni ya kiufundi. PES za kuanzia 2014 zilijengwa juu ya Fox Engine, injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) ya Konami wenyewe. eFootball imehamia Unreal Engine. Huwezi kuibeba Master League ya zamani ukaibandika tu. Menyu, soko la uhamisho, makuzi ya wachezaji, vyote vinahitaji kujengwa upya, na hiyo ni kazi ya timu kubwa kwa muda mrefu.

Ya pili ndiyo nzito zaidi. Gemu ni ya bure, riziki yake ni sarafu za ndani ya gemu ambazo watu wananunua kwa pesa halisi. Konami wametangaza kwamba imepakuliwa zaidi ya mara milioni 750, na sehemu kubwa ya hizo ni simu. Mtu wa simu anafungua apu, anacheza mechi mbili, anaona mchezaji wa wiki, ananunua sarafu, anajaribu bahati. Mtu wa Master League anajifungia na Castolo wake miezi sita bila kununua hata sarafu moja. Ukitaka kuona ukubwa wa pesa hizi, tazama jirani yao: EA, watengenezaji wa FIFA, waliripoti kwamba katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 Ultimate Team za gemu zao, modi za kukusanya wachezaji kwa kulipia, ziliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, na FIFA ndiyo iliyobeba sehemu kubwa. Ukiwa na kisima cha namna hiyo, mshabiki anayeomba ukocha wa peke yake utamweka foleni ya nyuma sana.

Hata hivyo foleni ya nyuma si sawa na kutosikilizwa kabisa. Enzi za FIFA 20 wapenzi wa Career Mode, modi ya ukocha ya FIFA, walichoka, wakapandisha #FixCareerMode mtandaoni. FIFA 21 ilipotoka, Career Mode ilikuwa imeguswa kweli: unaweza kuangalia mechi ikiendeshwa na kompyuta kisha ukaingia uwanjani katikati, na makuzi ya wachezaji yalipangwa upya mpaka unaweza kumbadilisha mtu nafasi. Hawakupata kila kitu. Walipata kitu. Wenzetu wa Team Fortress 2, gemu ya kupigana risasi mtandaoni, nao walipiga kelele Mei 2022 kuhusu roboti (akaunti zinazochezwa na programu) zilizoharibu seva, Valve wenye gemu hiyo wakajibu kwa ujumbe mfupi kwamba wamesikia, na bado tatizo lilidumu mpaka mashabiki wakarudi tena 2024 kwa sauti kubwa zaidi ndipo roboti zikafagiliwa kweli. Miaka miwili kati ya "tumesikia" na kitendo. Huo ndio mwendo wake, usijipe moyo wa wiki mbili.

Mfano ninaoupenda ni wa Sports Interactive, watu wa Football Manager (FM), gemu ya ukocha. Wakati wanaiandaa FM25 waliandika orodha ya vitu ambavyo havitakuwemo. Kufundisha timu ya taifa hakupo. Kuunda klabu yako mwenyewe hakupo. Mashabiki waliwaka moto, na walikuwa na haki. Februari 2025 gemu yenyewe ikafutwa kabisa, waliolipa wakarudishiwa pesa, nguvu zikahamia FM26. Ni aibu kwa studio yenye jina kama lile. Lakini mtu aliyependa kufundisha timu ya taifa alijua mapema asinunue, akabaki na FM24 yake. Heshima hiyo ndiyo ninayoidai kutoka kwa Konami. Nipe "hapana" nijue pa kwenda. Kumweka mtu miaka kwenye "itakuja", huku unamuuzia sarafu, ni kumla muda wake, na muda wa shabiki una thamani.

Nikija kwenye swali lako la pili, kuomba kuna faida, ila inategemea unaombaje. Kuna gemu moja ya simu, sitaitaja, batani yake ya pasi ilikuwa inajificha nyuma ya tundu la kamera kwenye simu zetu za bei nafuu. Maoni ya dukani yalijaa "gemu mbovu, rekebisheni". Hakuna kilichobadilika. Nilikaa nikapiga picha ya kioo, nikaizungushia duara nyekundu sehemu yenye tatizo, nikaandika aina ya simu, toleo la Android, na hatua moja baada ya nyingine mpaka batani inapopotea. Nikatuma kupitia fomu ya msaada iliyo ndani ya gemu yenyewe. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine. Baadaye akaniandikia mtu, akauliza kama inatokea pia simu ikigeuzwa upande wa pili. Apdeti mbili mbele, batani ikasogezwa. Mtu anayepokea malalamiko elfu moja ya "mbovu" hana cha kushika. Anayepokea duara nyekundu ana kazi ya kumpelekea fundi.

Kwa Master League fanya vivyo hivyo. Usiandike "rudisheni Master League" peke yake. Andika unachotaka hasa: soko la uhamisho bila intaneti, wachezaji wanaozeeka, sevu (maendeleo yako yaliyohifadhiwa) inayobaki kwenye mashine yako. Sema bei ambayo ungekuwa tayari kuilipa, maana walikwisha kusema itakuwa ya kulipia, na mtu wa biashara anasoma namba kabla ya kusoma uchungu. Wakitoa dodoso ndani ya gemu, lijaze lote, usiliruke. Na tafadhali, tuache kumtukana kijana anayeendesha akaunti yao ya mitandao. Yeye hana funguo za Unreal Engine.

Sarafu acha kununua. Hilo nalisema kwa uzito. Huwezi kulalamika kwamba hawakujali huku kila Alhamisi unawathibitishia kwamba hesabu yao ni sahihi.

Wakati tunasubiri, Master League haijafa. Mashabiki wanazilea PES za zamani kwa mikono yao, wanaingiza usajili wa msimu huu, na kuna vijana wa kwetu wameingiza mpaka jezi za Simba na Yanga. Mtu anakesha anachora nembo ya klabu bila kulipwa senti, kazi ambayo wenye gemu hawajawahi kuona umuhimu wake. PES 2013 inakimbia hata kwenye laptop ya zamani ya ofisini. PES 2017 inataka nguvu kidogo. PES 2021 ndiyo yenye Master League ya mwisho iliyokamilika, lakini bila kadi ya picha ya maana utaona slaidi badala ya mpira.

Umesema una kompyuta ila hukuitaja sifa zake. Weka hapa RAM ni kiasi gani, prosesa ni ipi na kama kadi ya picha ipo au hakuna, nikwambie toleo lipi lianze na mipangilio gani uishushe kwanza.