Kosa Huwekewa Kidole

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata pamoja na diwani ya rafiki yako. Unauliza kama ni haki wewe kumhakiki mtu mliyelala bweni moja na kula sahani moja, wakati mashairi yake huru hayakukupendeza na gazeti linasubiri. La urafiki utaliamua mwenyewe, wewe ndiye unayemjua. Mimi nimeshikwa na lile neno ulilolipitia haraka, "hayakunipendeza". Hapo ndipo penye kazi.

Shairi la mjomba wako la Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, unalijua, bibi yako alikuwa akiliimba akichambua dagaa. Lakini lilipochapwa gazetini, miaka ya 1970, ulikuwa hujazaliwa. Mjomba wako alieleza jinsi Wajerumani walivyoizamisha meli yao wenyewe mwaka 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, mafundi wakiwa wamezipaka mashine grisi nzito zisishike kutu, na Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi safarini 1927 kwa jina la Liemba. "Waliizika majini, wenyewe wakaondoka," ndivyo ulivyoanza ubeti wa pili.

Wiki chache baadaye akatokea mhakiki katika gazeti lilelile. Jina lake silitaji. Alisema grisi si neno la shairi. Alisema chuma kikuukuu hakimburudishi mtu, shairi ni la mapenzi au la mawaidha. Akamalizia kwamba watu wa mwisho wa reli, yaani sisi wa Kigoma, wasidaiwe Kiswahili kizuri. Nusu ukurasa, mwanangu, na hakunukuu hata mstari mmoja! Mpaka leo nikikumbuka napandwa na joto. Mjomba wako alilikunja lile gazeti akaliweka juu ya kabati, na mashairi akaacha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba shairi lile lilikuwa limeshapita kwa mhakiki wa kweli. Yule mzee wetu wa cherehani alikuwa na kitabu cha sheria za kutunga mashairi cha Amri Abedi, cha mwaka 1954, amekijalidi kwa karatasi ya kaki. Alijivuna nacho, maana Amri Abedi ni mtoto wa hapahapa Ujiji. Aliliimba shairi lote taratibu huku akihesabu mizani kwa vidole, nane na nane. Alipofika "Ikalala topeni" akasimama. Akaweka kidole kwenye karatasi: saba. Mjomba wako akaandika "Ikalala matopeni", mzee akaimba upya, akaridhika. Kwenye grisi akakunja uso. "Neno hili silipendi," akasema, "lakini sina pa kuweka kidole. Na bila grisi hiyo meli haifufuki." Akaliacha lilivyo.

Basi nasema nilivyowaambia nyote tangu mkiwa wadogo: kosa huwekewa kidole. Lisilowekewa kidole ni lako wewe msomaji, nawe ulisemee kwa jina lako.

Najua utakavyonijibu. Mzee alikuwa na vina na mizani vya kuhesabu. Je, Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, vina hakuna, mizani haina urari, kidole kiende wapi? Ugomvi ule naukumbuka, ulifika hadi chumba chetu cha walimu, na wako waliosema yale si mashairi kabisa. Mimi nimelelewa na tarbia, sikio langu linadai kina hadi leo. Lakini linalodai ni sikio langu, Kezilahabi hakuniahidi kina. Shairi huru nalo lina mahali pa kuwekea kidole: picha iliyotumiwa na kila mtu, mstari uliokatwa pasipo sababu, wazo lililoanzishwa likatelekezwa.

Halafu nabishana na nafsi yangu tena. Nimesoma mashairi yenye mizani kamili, vina vimepangika, na hayana uhai. Nikifuata kidole peke yake nitasema hayana kosa, na nitakuwa nimesema uongo. Je, mchoko nao uandikwe? Naona uandikwe, ila utaje ni ubeti upi uliokuchosha na ulitarajia nini pale. Mhakiki asiye na ladha yake ataishia kuhesabu silabi tu. Hapana, ladha ibaki. Ninachokikataa ni ladha ya mtu mmoja kutolewa kama hukumu, kama alivyofanya yule bwana wa grisi.

Na maoni vivyo hivyo. Rafiki yako ana shairi la kupinga ziwa kufungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa Mei hadi Agosti mwaka 2024. Unajua nilikuwa upande gani, na unajua tulivyobishana na shangazi yako kwamba dagaa na migebuka waachwe wazaliane. Kwa hiyo nilipolisoma niliudhika. Nikalisoma mara ya pili nikitafuta kosa, na shairi ni zima. Kutokukubaliana naye si kosa lake. Angesema jambo lisilo kweli kuhusu ziwa, hapo ningeweka kidole bila huruma. Lakini analia na mke wa mvuvi aliyekosa kipato miezi mitatu, na mke huyo yupo, nawafahamu wengi kama yeye huko Kibirizi. Msimamo wangu haujabadilika. Shairi lake ni zima vilevile.

Sasa najua unangoja nikwambie: diwani kwa jumla ni nzuri au mbaya? Jibu ninalo, na linaniwasha. Nimeandika kwa penseli pembezoni, kurasa nyingi. Nikikwambia sasa utaandika ya mama yako badala ya yako, na gazeti limekuomba wewe. Likishachapwa nitakutumia nakala yangu kwa basi pamoja na mawese. Ila lile shairi la nane, ubeti wake wa mwisho... naacha. Lisome tena, na safari hii ulisome kwa sauti.

Mama yako