Mchumba wangu anataka kuona picha za maharusi niliowapiga

*Shangazi, asalamu alaykum. Nina miaka 27, nakaa Jang'ombe. Kazi yangu ni kupiga picha maharusi wakishapambwa, na wanawake wengine wanaotaka picha za urembo wakiwa ndani, nywele wazi. Akdi yetu ni baada ya Ramadhani. Mchumba wangu anasema wenzake barazani wanamcheka kuwa anaoa mpiga picha za uchi. Sasa anataka nimfungulie kompyuta azione zote, ndipo aamue kama niendelee na kazi. Sina cha kuficha. Nimfungulie?*
*Mwenye Kamera*

Waalaykumu salamu, mwanangu. Usimfungulie.

Wewe huna cha kuficha, nakuamini. Wanacho wao. Yule binti aliyetoka kusingwa, piko mkononi bado mbichi, kanga imemteleza begani, alikaa mbele yako vile kwa sababu somo wake, yule mama anayemfunda, alifunga mlango akakuhesabu wewe kuwa mtu wa ndani. Mchumba wako hakuhesabiwa. Hata awe mwema vipi, ukimwonyesha picha moja tu, umeshamtoa nje mtoto wa watu.

Mimi yamenifika. Nilipoolewa, mpiga picha mmoja wa kutembea majumbani aliitia picha yangu kwenye albamu ya kuonyesha wateja, bila kuniuliza. Binamu yangu wa kiume akaiona nyumba ya watu. Sikuwa uchi, nilikuwa na gauni langu na asumini kichwani, lakini nililia wiki nzima. Mpaka leo nikisikia mlio wa kamera mkono unakwenda kichwani wenyewe.

Kwa hiyo kompyuta itie neno la siri leo hii. Mteja akishachukua picha zake, muulize kama ubakie na nakala au ufute, na jibu lake mliandike. Ukitaka za kutangazia kazi, onyesha mikono yenye piko, pindo la gauni, vikuba vya maua. Sura ziache.

Wala usikubali kuambiwa kazi yako ni ya aibu. Kumpendezesha mtu kwa mwanga ni ufundi wenye historia. Mwaka 1930 George Hurrell aliingia studio ya MGM kule Hollywood kuwapiga picha waigizaji. Joan Crawford alikaa mbele yake na uso usiopakwa kitu, kisha madoadoa ya ngozi yakafutwa kwa penseli kwenye negativu. Mwaka uleule, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa petu Mji Mkongwe. Wewe umeshika kazi hiyohiyo, na unaingia vyumba ambavyo mwanamume hangefunguliwa mlango. Bibi harusi wa Kizanzibari anayetaka kujiona alivyopendeza siku ile, bila kuonwa na wasiomhusu, atampata nani kama si mwanamke mwenzake?

Sasa huyo kijana. Maneno ya barazani yanauma, simlaumu kwa kuumia. Neno lililonikaa kooni ni hilo "ndipo aamue". Kazi alikukuta nayo. Asiachiwe kulinyamazia mpaka uwe mkewe, ndipo akuambie kamera basi. Mwambie baba yako, au mjomba kama baba hayupo, awakalishe nyote wawili kabla ya akdi, na lisemwe wazi: unaendelea na kazi, unapiga wanawake tu, usiku wa harusi unarudi saa ngapi, na nani anakufuata. Mipaka yako itaje mwenyewe, usingoje kupangiwa. Akikataa hata kukaa kitako, mwanangu, umshukuru Mungu umejua mapema.

Ila ana haki ya kuijua kazi yako, na njia ipo. Nenda kwao umwombe mama yake ruhusa umpige picha. Mkalishe ubavuni mwa dirisha saa kumi za jioni, jua likishapoa, upande wa pili umshikishe mtu shuka jeupe lirudishe mwanga usoni. Flashi usiiwashe, itaifanya poda iwe kama majivu. Avae kanga anayoipenda, na mpe muda, watu wazima uso hulegea wakishasahau kamera. Picha mkabidhi mama mkononi. Kama atamwonyesha mwanawe, hiyo ni hiari yake.