Upinde usubiri, anza na mavazi

Ndugu, umeuliza kama ununue upinde kabla ya kujiunga na kikundi cha Uingereza kinachoigiza uwindaji wa karne ya 14. Usinunue. Omba kwanza kuhudhuria kama mgeni, uwaulize wanaigiza miaka ipi na tabaka lipi. Mtunza mbwa hakuvaa kama bwana wake. Kisha shona shati la kitani na kanzu fupi ya sufu, mishono ya nje uipige kwa mkono. Poliesta usiiguse: cheche ya moto ikiirukia, huyeyuka na kugandia ngozini. Baadaye, upinde unaovutwa kwa nguvu ya pauni 30 (za uzito, si za fedha) unamtosha anayeanza. Ukiwa mzito mno kuvuta, mkono hutetemeka na mshale hupotea. Na mnyama hapigwi, maana kuwinda kwa upinde huko ni marufuku. Mtalenga shabaha tu.